Matanga ya Kilimani

Ukimuuliza jirani yangu mtu fulani yuko wapi, hakuoneshi kulia wala kushoto. Anakwambia amepanda, au ameshuka. Sasa sisi tunakaa Mwamkulu, na Mwamkulu ukimwaga ndoo ya maji, maji yanasimama kwanza yanafikiri. Hakuna pa kupanda, hakuna pa kushuka. Lakini yeye alikuwa na kilima chake kichwani, na sisi wote alitupanga juu ya hicho kilima. Upande wa barabara kuu ni juu. Upande wa majaruba ya mpunga ni chini. Nyumba yangu iko upande wa barabara, basi wageni wake wote alinitambulisha hivi: "Huyu ndiye mubanyi wangu wa juu." Mubanyi kwa Kirundi ni jirani. Jina langu alilijua vizuri ila hakulitumia, na mimi la kwake silitaji hapa.

Siku moja alimpa kijana wa bodaboda mkungu wa ndizi amfikishie mama mmoja wa kwaya. Akamwambia, "Shuka nao, nyumba yenye mlango wa bluu."

Kijana akazima pikipiki. "Mzee, hapa mpaka Kasokola ni kama meza. Nishuke wapi?"

"Si una macho? Shuka!"

Kijana akaenda barabarani, kwa sababu kwake yeye kushuka ni kwenda mjini, na ule mkungu ukaliwa na watu tusiowajua mpaka leo. Jirani alikasirika wiki nzima. Siyo kwa ajili ya ndizi. Alikasirika kwamba mtu mzima anaweza kukaa duniani asijue yuko sehemu gani ya kilima.

Masika iliyofuata mvua ilinyesha vibaya sana, maji yakatoka huko majarubani anakokuita chini, yakapita uani kwake, yakaja kwangu juu. Nilisimama mlangoni suruali nimeikunja, nikamwita: "Jirani! Maji yako yanapanda!" Akatoka, akayaangalia muda mrefu, mikono nyuma. Akasema, "Maji ya huku hayajafundishwa."

Ngoja niseme jambo lenyewe, maana mimi nikianza na utani nasahau. Mtu huyu alikuwa fundi wa mvinyo wa ndizi kuliko wote niliowahi kuonja, na mimi nimeonja kwingi, shule nimeishia la tatu lakini huko sikuishia. Watu walitoka Kabungu kuja kuuchukua kwa ajili ya harusi. Na yeye mwenyewe alikuwa hanywi. Mgeni akimwona anakataa mrija wa kunywea anadhani ni mlokole. Hapana, yeye ni Mkatoliki wa benchi la nyuma, na zamani alikuwa akinywa na kucheka kuliko sisi wote. Aliacha siku mwenzake aliyerudi Burundi alipompigia simu kwamba amesikia mama yake amefariki huko kilimani kwao, alikomwacha tangu wakati wa kukimbia vita.

Desturi yao iko hivi. Mtu akifa, matanga hayaishi hivi hivi kwa kuzika. Yanakaa, miezi, hata mwaka, halafu ndugu wanakamua mvinyo, wanakusanyika nyumbani kwa marehemu, wanakunywa pamoja, na hapo ndipo matanga yanaondolewa. Kabla ya hapo ukoo haufanyi harusi, haufanyi shangwe. Yeye alikuwa mtoto pekee wa kiume aliyebaki. Akasema matanga ya mama yake yataondolewa kilimani, kwa ndizi za shamba la mama, na yeye hatagusa mrija mpaka siku hiyo. Tukadhani ni mwaka mmoja. Mwaka ukapita, na mwingine, na mingine, na binti yake wa mwisho akapata mchumba.

Hicho kilima mimi sijawahi kukiona, lakini ukinishusha pale leo nitafika mwenyewe. Alituambia mno. Alisema kwao hakuna kijiji. Ukiulizwa wewe ni wa wapi, unataja kilima. Nyumba hazipangwi mstari. Kila mtu yuko peke yake katikati ya migomba yake, ameizungushia ua, na jirani unamjua kwa moshi. Juu kabisa ni majani mafupi na upepo na ng'ombe. Ukishuka kidogo ndipo watu walipo, na migomba imewafunika kiasi kwamba mtu wa kilima cha pili haoni nyumba hata moja, anaona ndizi tupu. Chini ya migomba ni kahawa. Chini ya kahawa ni maharage na mihogo, halafu bonde lenye maji ambalo wakati wa kiangazi watu wanalima viazi. Na ng'ambo ya bonde kinaanza kilima kingine, na nyuma yake kingine, mpaka macho yachoke.

Alipoletwa huku yeye na wakimbizi wenzake, vijiji vyao walikuta vimepimwa, barabara zimenyooka, nyumba zimetazamana. "Mnakaa kama sabuni dukani," alikuwa akitwambia. "Mtu akikohoa nyumba ya kwanza, wa mwisho anasema pole."

Dada yake mkubwa aliolewa kilima cha mbele. Ukisimama uani kwa mama yake unaona moshi wa jiko la dada, ukipaza sauti unasikika, lakini ukitaka kwenda kumsalimia unashuka mpaka bondeni na kupanda tena, unafika magoti yanalia. Mama yake kila asubuhi, kabla hajafanya lolote, anatoka kuangalia ng'ambo. Moshi upo? Upo. Anarudi ndani. Siku moshi ulipochelewa alianza kushuka kilima na ufagio mkononi, alisahau kuuweka chini. Alipofika akamkuta binti amelala tu, amechoka, mvua ilinyesha usiku na kuni zimelowa. Akamfagilia uwanja, akarudi.

Hiyo ya ufagio alitusimulia mara nyingi, na kila mara mkewe alidakia kutoka jikoni: "Na hakukaa hata kula!" Mkewe hajawahi kumwona huyo mkwe. Walioana huku. Lakini alimjua kama tunavyojua watu wa kwenye Biblia.

Mvinyo nao aliugawa kwa kilima. Alisema ndizi za juu zinakawia kwa sababu ya baridi, mvinyo wake ni mwepesi na unauma ulimi, ni wa wazee wanaopenda kuongea. Ndizi za chini karibu na bonde zinaiva haraka, mvinyo wake ni mtamu na unalewesha kabla hujajua, ni wa vijana na wa kugombana. Ndizi za katikati, kwa mama yake, hizo ndizo zenyewe. Mtu yeyote wa pale ukimpa mrija amefumba macho atakwambia umekamua wapi. Sijui kama ni kweli. Kila aliyetoka huko anasema shamba la mama yake lilikuwa katikati.

Huku kwetu migomba haitaki. Jua la mwezi wa tisa linakausha hata mate. Aliipanda karibu na bafu ili inywe maji ya kuogea, akaamuru familia nzima ioge mahali pamoja na isimwage maji ya vyombo kwingine. Mkewe alilalamika: "Mimi nikioga naambiwa nisogee upande huu, mgomba ule haujapata!" Ikaota hivyo hivyo. Vikungu vidogo, vimekaza, ila vinaiva.

Kazi yake niliipenda kuitazama. Anachimba shimo, analitandika majani makavu ya mgomba, anapitisha moshi, anapanga ndizi humo na kuzifunika kama mtoto mwenye homa. Zikishaiva anazimenya, anazikanda na nyasi ndani ya mti uliochongwa, mrefu, unafanana kabisa na mtumbwi. Mbende mmoja wa Kabungu, watu wa ziwani hao, alipita akasimama. "Mzee, samaki wanapatikana?" Jirani hakuinua kichwa. "Wanapatikana. Na wewe ingia." Akishakanda anachuja, anaongeza maji kidogo na unga wa mtama uliokaangwa, anafunika na blanketi, kisha hakuna mtu kupiga kelele karibu. Alisema mvinyo ukisikia ugomvi unachacha. Nyumbani kwake ndiko watoto walikuwa wapole kuliko kijiji kizima, siku mbili kwa kila mkamuo.

Mimi ni Mkonongo, sisi ni watu wa nyuki. Natengeneza wanzuki, mvinyo wa asali, na nilikuwa nampelekea kabla hajaacha kunywa. Anaonja, anatulia, anasema, "Mubanyi, huu ni mtamu sana. Ila haukufanyiwa kazi. Nyuki ndio waliofanya, wewe umeiba." Namjibu, "Na wewe mgomba ndio uliofanya, wewe umekanda tu." Tunacheka mpaka mkewe anatufukuza. Baada ya simu ile nilipeleka wanzuki mara moja tu. Aliupokea kwa mikono miwili, akauweka chini, akaniuliza habari za mguu wangu uliokuwa ukiniuma.

Alikuwa mtu wa kugeuka huku na huku, nisimfanye malaika. Alikataa kujenga nyumba ya tofali, akisema hapa anapita. Alipita miaka yote hiyo akiziba ukuta kwa udongo kila kiangazi. Wenzake walipoulizwa na serikali kama wanarudi au wanakuwa Watanzania, alikuwa wa kwanza kusema anarudi na wa kwanza kubaki. Akapata uraia kama wengi, akajisifia kwangu, na kesho yake akakataa kupanda mwembe kwa sababu mwembe unachukua muda mrefu na yeye anaondoka. Watoto wake wakikosea Kirundi anawachapa kwa maneno, halafu yeye mwenyewe anasema sentensi ambayo nusu ni Kiswahili cha kwetu. Kwenye misiba ya watu alikuwa wa kwanza na jembe kaburini. Matanga ya kijiji kizima yaliondolewa kwa mvinyo wake. Anauleta, anapanga mirija, anakaa pembeni na kutazama wengine wanavyovuta.

Nilimuuliza mara moja kwa nini haendi basi. Mpaka haujafungwa. Akasema mwaka huu ni mpunga. Mwaka mwingine ni magoti. Mwaka mwingine akasema huko sasa ni mvua, kilima kinateleza. Nikaona nimwache. Anaogopa, nikasema moyoni, na kuogopa siyo kosa.

Aliyeshindwa kumwacha ni binti. Mchumba wake, kijana mpole wa Kasokola anayelima mahindi, alikuwa amengoja mpaka mama yake mzazi akaanza kumtafutia mwingine. Mchana mmoja nilikuwa nimekaa kwao nachonga mpini, binti akaja kutoka kisimani na ndoo kichwani, hakuitua. Alisimama hivyo hivyo mbele ya baba yake.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba."

"Baba, huko kwenu wasichana wanaolewa na nani? Maana mimi naona naolewa na kaburi."

Mkewe akasema, "We mtoto!" Lakini hakuinuka.

"Bibi sijamwona," binti akasema, maji yanamdondokea shingoni. "Sijui alivyokuwa anacheka. Nimezaliwa hapa, hapa tambarare. Kama anataka mvinyo, mpelekee. Kama hutaki kwenda, niambie, nimwambie mwenzangu aoe kwingine, nijue moja."

Nilidhani atamfokea. Alisema tu, "Tua ndoo, itakuumiza shingo." Akaingia ndani. Wiki hiyo hiyo alipanda basi la Kigoma, na kutoka huko akapita Manyovu kwenda kuvuka mpaka wa Burundi. Alibeba jembe jipya bila mpini, la kulimia shamba la mama yake kabla ya kukamua. Nilimsindikiza mpaka stendi. Binti alimfungia chapati. Hakuna aliyesema neno kuhusu harusi.

Sasa migomba yake mbuzi wameimaliza. Kiangazi kilichopita tulimzika, hapa hapa Mwamkulu, na watu walikuwa wengi. Lakini mimi nikimkumbuka simkumbuki siku ile. Namkumbuka siku aliyorudi.

Ilikuwa asubuhi, jua bado halijakaza. Mkewe alikuwa amekamua mwenyewe, mara ya kwanza bila yeye. Alisema mtu akitoka safari kubwa hapokelewi kwa chai. Jirani nilimkuta amekaa kwenye kigoda mlangoni, amekonda, viatu bado miguuni. Binti amekaa chini karibu na mama yake, wanamenya mihogo, yeye bila kuiangalia.

"Karibu, mubanyi," akasema. "Nimefika."

"Uliona?"

"Niliona."

Akasimulia taratibu. Kilima alikijua kwa bonde, siyo kwa chenyewe. Migomba ilikuwa imekauka kwa ule ugonjwa wa mnyauko, watu wameng'oa na kupanda mihogo mpaka juu, nyumba zote zinaonekana sasa, uchi. Penye nyumba ya mama yake pana shamba la mtu, mtu mwema tu, alimkaribisha. Kirundi chake walikicheka. "Walisema naongea kama redio ya Tanzania."

Ng'ambo kwa dada yake hapakuwa na moshi. Akatafuta mtu wa zamani. Wakamwonesha bibi mmoja, jirani wa juu wa mama yake, macho yameanza kuingia ukungu. Bibi akamshika uso kwa mikono, akampapasa masikio. Kisha akasema, "Wewe? Wewe tulishakumaliza."

Mkewe aliacha kisu. "Kukumaliza vipi?"

"Matanga yangu," akasema. "Mtu aliwaambia nilifia njiani, wakati ule ule wa kukimbia. Mama alingoja, alingoja, mwisho majirani wakamwambia siyo vizuri kumwacha mtoto hewani. Akakamua. Ndizi za lile shamba. Akaita kilima chote, wakanywa, wakaondoa matanga yangu. Mimi nipo hapa naziba ukuta, kumbe nimekwisha siku nyingi."

Nilitaka kucheka, ndivyo nilivyo, nikitishika nacheka. Nikajizuia.

"Na yake yeye?" binti akauliza, sauti ndogo.

"Waliyaondoa pia. Majirani. Bibi yule alinishangaa. Alisema, ulidhani tutamwacha na matanga miaka yote hii tukikungoja wewe uliyekufa?" Akamwangalia binti yake, akamwangalia vizuri. "Kwa hiyo, mwanangu, ulikuwa na ruhusa siku zote. Nisamehe. Mwite huyo kijana."

Binti alichukua muhogo mwingine akaumenya mpaka ukaisha wote.

Jirani akavua kiatu kimoja, akakishika. "Ila kuna kitu," akasema. "Bibi alinisindikiza mpaka njiani, akaniambia. Siku ile ya matanga yangu, mama aligawa mvinyo kwa kila mtu, akawapa mirija mmoja mmoja. Yeye hakunywa. Walimlazimisha, akasema nyie mmalizeni, mimi bado. Na hakunywa tena mpaka alipokufa." Akakiweka kile kiatu chini. "Tulikuwa tunangojana, mubanyi. Yeye kule, mimi huku. Wote koo kavu."

Nje kuku walikuwa wanagombana. Mkewe alijifuta uso kwa ncha ya kitenge, akainuka, akaingia ndani. Alirudi na chungu, akakiweka kati yetu, akachomeka mirija. Hakumwambia kunywa. Alikaa chini akatazama kando, kama anayemwachia mtu nafasi ya kuvaa nguo.

Jirani alikiangalia chungu. Halafu akasema, "Sasa mmoja wetu anywe," akainama.

Alivuta mpaka mashavu yakaingia ndani. Akapumzika, akavuta tena. Machozi yalikuwa yanateremka yanaingia kwenye ndevu naye hayajali, anavuta. Mwishowe mkewe alishindwa kujizuia: "Mzee, na wengine basi! Jirani hajapata hata tone!" Binti akaanza kucheka, na mimi nikapata nafasi ya kucheka, na yeye akainua kichwa akiwa amelowa, anahema kama aliyetoka kuogelea.

"Umekamua vizuri," akamwambia mkewe. "Maji umezidisha kidogo."

"Haya, toka hapo!"

Akanipa mrija. Nilikunywa. Ulikuwa wa kawaida tu, wa ndizi za bafuni. Tulikaa tukipokezana, jua likapanda, kivuli cha ukuta kikaja miguuni kwetu. Nilijua ataanza tena habari za kilima, za moshi, za ng'ambo, nikajiweka sawa kusikiliza kama siku zote.

Akanigeukia. "Na wewe, mubanyi," akasema. "Kwenu ni wapi?"

Nilidhani sijasikia vizuri. Tumekaa ujirani mpaka tukazeeka, sijawahi kuulizwa. "Kwetu?"

"Ndiyo. Kwenu mwenyewe, ulikozaliwa."

Nikamwambia kwetu hakuna kilima. Ni ndani sana, porini upande wa Inyonga, miombo mitupu, na mbuga moja inayojaa maji masika. Tuliambiwa tuhame tukakae karibu na shule, tukahama wote, mimi bado sijaota ndevu. Sasa hakuna mtu huko, kuna nyuki tu. Nikaushika mrija tena.

Alisogeza kigoda chake karibu na changu.

"Nipeleke," akasema. "Ukivuka hiyo mbuga, nyumba ya kwanza ni ya nani?"

"Ya mama," nikasema.